Kitabu cha Mwisho cha Kabula

Nikiwa mtu mzima kabisa, mwenye baiskeli, cheti cha shule ya usiku na kalamu mbili mfukoni, niliamini kwamba karatasi za mtihani hazisomwi. Zinapimwa. Niliamini kwa moyo wote kwamba huko makao makuu kuna chumba kirefu chenye mizani, na karatasi zikifika zinawekwa juu yake moja moja. Nzito zimefaulu. Nyepesi, mwenyewe akalime.

Msinicheke mapema, wajukuu zangu. Mngezaliwa upande ule, na ninyi mngeamini. Kwetu kila kitu cha maana kilipita kwenye mizani. Pamba ya mkulima wa Shinyanga ilipimwa, na karani wa mizani alikuwa mfalme msimu mzima, hata wazee walimsalimia wakiwa wameinama. Almasi ya Mwadui tuliambiwa ina mizani yake ndogo, inayoweza kupima pumzi ya mbu. Dhahabu yetu upande wa Geita ilipimwa kwa punje. Basi elimu, ambayo wakubwa walituambia inazidi vyote hivyo, ingeachwaje bila kupimwa?

Aliyeniletea habari hiyo ni Pius, tarishi wa mgodi nilimokuwa nikifanya kazi. Pius alifika Dar es Salaam mara moja tu maishani mwake, akarudi na hadithi za safari kumi.

"Nimeona kwa macho haya mawili," aliniambia. "Bahasha zimeandikwa Mtihani, nene kama mto wa kulalia. Mtu anaweka juu ya mizani, anatazama mshale, anaandika namba. Hajafungua hata moja."

"Hajafungua?"

"Afungue ili iweje? Nchi nzima imeandika. Asome mpaka mvi zimtoke?"

Nikaona hiyo ni akili tupu. Tena nilikuwa na ushahidi wangu. Katika mtihani wa shule ya usiku nilijaza karatasi nyingi kuliko darasa zima, wino ukaniishia nikaazima kwa jirani, nikafaulu. Jirani mwenyewe aliandika nusu ukurasa, akaanguka. Miaka mingi baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba jirani yule alisinzia mtihani mzima. Lakini mtu akishaamini jambo, hatafuti kumbukumbu ya kulivunja.

Kazi yangu, kwa ninyi msioijua, ilikuwa kufundisha watoto majumbani. Asubuhi nilikuwa karani wa stoo katika mgodi mdogo wa dhahabu, nikigawa koleo na taa. Mgodi wenyewe ulishakufa na jina lake halina haja hapa. Alasiri nilipanda baiskeli nikaenda kwa watoto wangu. Nilikuwa na watoto ambao shule hazikuwataka au wazazi hawakuzitaka: wagonjwa, wakubwa kupita darasa lao, wasichana ambao baba zao hawakutaka walale bweni. Nilipenda kujisifu kwamba nusu ya watu wa Geita walijua kusema "gudi moning" kwa sababu yangu. Kusema kweli hawakuzidi kumi na wawili, na mmoja wao alikuwa mke wa mpishi wa kambi.

Kuna mambo ya kazi hii ambayo ningependa myajue kabla sijaanza kuwahuzunisha. Ukiingia nyumba ya watu, usikae mpaka ukaonyeshwa kiti, maana kiti kizima ni kimoja na huenda ni cha mgonjwa. Usimsahihishe mtoto mbele ya jirani. Ukitaka kujua kama kitabu kinamfaa mtoto, usimfungulie mwanzo, kwa kuwa mwanzo wa kila kitabu ni rahisi. Mfungulie katikati, asome nusu ukurasa, kisha kifunge na umwombe akueleze kwa maneno yake. Akinyamaza, kitabu hicho bado. Na mpishi wa kambi asikuone ukimfundisha mkewe neno "no."

Yote hayo nilifundishwa na Mwalimu Athumani wa shule ya usiku, aliyekuwa askari wakati wa vita, na aliyetupigisha gwaride la herufi kwa sauti ambayo nina hakika ilisikika hadi Mwanza. Alinifundisha na la mwisho, ambalo nililisikia kwa masikio nikaliacha mlangoni.

"Kitabu cha mwisho kabla ya mtihani," alisema, "hukichagui kwa unavyotaka mtoto ajue. Unakichagua kwa atakavyoulizwa. Nenda kwa wenye mtihani, vua kofia, waombe maswali ya mwaka jana. Hawatakuuma."

Mimi nikaona kuvua kofia ni kujishusha.

Sasa niwaambie habari za Kabula.

Kabula alikuwa binti wa Mzee Masanja, mtoboa miamba. Mama yake alifariki zamani. Homa ya utotoni ilimdhoofisha mguu wa kushoto, ukawa mwembamba kama mpini wa jembe, naye akitembea alijishika ukutani. Alipomaliza darasa la nne baba yake alimpeleka shule ya kati ya wasichana, ya bweni, mwendo wa siku nzima kwa lori. Wakamrudisha na lori hilo hilo. Walisema kila msichana pale huteka maji na hukata kuni, na huyu hawezi. Ndipo Masanja akanijia. Nikamfundisha Kabula nyumbani kwao, kwenye zile nyumba za mabati za wafanyakazi, tangu la tano mpaka lilipokaribia la nane. Nimefundisha watu wengi. Mwenye kichwa kama chake sijakutana naye, na hapa sitii chumvi.

Masanja alikuwa anakufa. Hakuna aliyelisema neno hilo, ila sote tulikuwa tukimsikia. Alikuwa amevuta vumbi la mwamba miaka mingi hata kifua chake kikawa kinakwaruza kama debe lenye kokoto. Walikuwa wamemtoa chini wakampa ufagio, afagie banda la mashine. Siku atakapouweka ufagio chini, nyumba ilikuwa inarudi kwa mgodi. Na Kabula angekwenda wapi? Kwa baba yake mdogo, huko Shinyanga vijijini, penye pamba, jembe na kisima cha mbali.

Palikuwa na mlango mmoja. Hospitali ya misheni ilikuwa na chuo cha kufundisha wasichana kazi ya uuguzi na kutoa dawa. Walikubali hata msichana aliyesomea nyumbani, mguu wake uweje, mradi afaulu karatasi yao ya Kiingereza. Aliyesomea nyumbani alijaribu mara moja tu. Akishindwa, basi.

Miezi ikabaki michache. Tulikuwa tumekwisha kumaliza vitabu viwili vya grama ya Kiingereza, ikabaki nafasi ya kimoja, cha kufungia. Wiki nzima nilitembea nikitafuta. Masomo ya posta kutoka Nairobi niliyaacha, maana bahasha ya mwenzangu mmoja ilizunguka hata ikamkuta ameshaoa. Vikabaki viwili. Kimoja kilikuwa chembamba, cha kijani, nilichoazimwa na katekista; ndani yake mlikuwa na mazoezi, hadithi fupi na barua nyingi. Cha pili kilikuwa chekundu, nilikiona dukani kwa Mhindi kimekandamizia karatasi zisipeperuke. Kilikuwa na kila kanuni ya lugha ya Kiingereza, pamoja na zile ambazo Waingereza wenyewe, nadhani, walikuwa wamezisahau. Nilipokifunga nyuma ya baiskeli, gurudumu la mbele lilitaka kuinuka kama farasi.

Nikawapelekea vyote viwili.

"Shikamoo, Mzee Masanja."

"Marahaba, Mwalimu. Kabula, mpe Mwalimu kiti." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Umekuja na silaha?"

"Nimekuja na mbili, Mzee. Tuchague moja."

Nikamwachia Kabula vitabu kwa siku tatu, kama nilivyofundishwa. Niliporudi, kitabu cha kijani kilikuwa kimefunguliwa katikati. Chekundu kilikuwa mahali nilipokiweka.

"Hiki, Mwalimu," akasema Kabula, akikigusa kile cha kijani. "Kina barua. Kuna barua ya kuomba kazi, kuna ya kumweleza mgonjwa hali yake. Nimeandika moja."

Akaisoma kwa Kiingereza, taratibu, kidole kikifuata mstari. Baba yake hakujua Kiingereza, kwa hiyo alipomaliza akamfasiria. "Nimekuandikia wewe, Baba. Nimesema leo umekohoa kidogo kuliko jana, na uji umeumaliza. Nimesema nikisoma uuguzi nitajua dawa ya kukulaza chali, maana sasa unalala umekaa."

Masanja akamgeukia.

"Umesema kweli yote hiyo kwa Kizungu?"

"Ndiyo, Baba."

Nami, mwenye cheti, nikaichukua ile karatasi. Nikaiweka juu ya kiganja. Nikakipandisha na kukishusha.

"Ni nzuri," nikasema. "Ila ni nyepesi."

Nikawaeleza habari ya mizani. Kabula alicheka kwanza. Akatazama sura yangu akaona sitanii, akamtazama baba yake akaona baba anatikisa kichwa kwa kukubali, akaacha kucheka.

Masanja alivichukua vile vitabu, kimoja mkono huu, kingine mkono ule, kama alivyozoea kushika mawe kule chini. "Mimi kusoma sijui," akasema. "Lakini mawe nayajua. Hili la kijani ni jiwe tupu. Hili jekundu lina kitu."

"Mzee umemaliza," nikasema.

"Baba, hicho sikielewi," akasema Kabula.

"Utakielewa. Mwalimu yupo."

Na kweli nilikuwepo. Kila alasiri nilikuwepo. Kitabu cha kijani nilikirudisha kwa katekista siku ile ile, nisije nikashawishika. Tukaingia chekundu. Kabula alikariri kanuni, na vighairi vya kanuni, na vighairi vya vighairi. Angeweza kukamata sentensi yoyote akaipasua kama kuku: hii shingo, hii firigisi, hili paja. Kuandika sentensi yake mwenyewe aliacha, maana kitabu hakikuomba. Nilimfundisha kuikandamiza nibu mpaka karatasi iote mgongo upande wa pili. Tulitafuta wino mzito. Wakulima, mnajua, huwa kuna wanaonyunyizia pamba maji kidogo kabla ya kuipeleka kwenye mizani. Mimi nilikuwa nikinyunyizia mtoto. Na nikampa kanuni yangu mwenyewe, ambayo haimo katika kitabu chochote: anza na swali linalokula karatasi nyingi, maswali mafupi yaweke mwisho, hayana uzito.

Siku moja aliniuliza, "Mwalimu, kama hawasomi, kwa nini nijifunze kanuni hizi ziwe sahihi? Si ningeandika jina langu tu, mara elfu?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika kazi yangu. Nikamwambia aache ukaidi.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Nitaandika mpaka meza ivunjike."

Siku ya mtihani tulikwenda kwa lori la mchanga, yeye mbele kwa dereva, mimi nyuma, nikashuka mweupe kama gunia la unga. Masanja hakuweza kuja. Nilikaa nje ya chumba cha mtihani, juu ya ngazi, na nakumbuka nilifurahi kila nilipomwona msimamizi kupitia dirishani akimpelekea Kabula karatasi nyingine. Wasichana wengine hawakuomba.

Alitoka vidole vimekuwa bluu hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Kurasa kumi na moja, Mwalimu."

"Kumi na moja!"

"Zote ni swali la pili. Lile la kupasua sentensi. Niliweka kanuni zote, hata ambazo hawakuuliza."

"Na la kwanza?"

"La kwanza lilikuwa la ukurasa mmoja tu. Nililiacha mwisho, kama ulivyosema. Muda ukaisha."

"Si neno," nikamwambia. "Ukurasa mmoja una uzito gani?"

Tulipomfikishia Masanja habari, alikuwa haondoki tena kitandani. Mgodi ulishamletea mtu kuulizia ufagio. "Kumi na moja," alisema. Jirani akija kumjulia hali, Masanja hakusema habari za kifua. Alisema, "Binti yangu kaandika kumi na moja." Alifariki majibu hayajaja. Nilikuwa mmoja wa waliomzika, na moyoni nilijiambia kwamba angalau ameondoka bila wasiwasi. Mpaka leo sijui kama hilo ni jambo la kujifariji au la kujilaumu.

Majibu yalikuja katika bahasha nyembamba. Mistari miwili: hakuchaguliwa.

Baba yake mdogo alifika kabla wiki haijaisha, kwa sababu nyumba ilikuwa na mwenye kuingojea. Alikuwa mtu mpole, mwenye watoto wake wengi, na hakuja na ubaya wowote. Alimpakia Kabula nyuma ya baiskeli na furushi mapajani. Nikatoa kile kitabu chekundu.

"Hicho hapana, Mwalimu," akasema baba mdogo. "Baiskeli hii inabeba mtu au inabeba kitabu."

Kabula hakukiangalia. Aliniaga kwa adabu, wakaenda.

Nilimfuata msimu wa pamba ulipofika. Nilijiambia nakwenda kusalimia. Nilimkuta shambani, katikati ya mistari, amekaa juu ya gunia. Kusimama siku nzima hakuweza, kwa hiyo alichuma akiwa amekaa, kisha akajivuta na gunia lake mpaka mche wa mbele. Nyuma yake palikuwa na alama ndefu katika vumbi, kama pamepita kitu kinachoburutwa.

"Mwangaluka, Mwalimu," alinisalimia Kisukuma, kama anavyosalimia mtu wa pale. Hakusema Kiingereza.

Nikakaa chini. Nikachuma naye kidogo, vibaya, nikijichoma vidole. Pamba niliyochuma nikaitia katika gunia lake. Aliyeanza kusema ni yeye.

"Labda sikukandamiza vya kutosha, Mwalimu. Mwishoni mkono ulichoka. Zile kurasa tatu za mwisho wino ulikuwa mwembamba."

"Ulikandamiza," nikasema.

"Baba alidhani zinatosha."

Sikulala vizuri kwa wiki kadhaa baada ya pale, na nilikuwa mtu ambaye akilala hata baruti ya mgodi haikumwamsha. Nikafikia uamuzi. Kwenye kituo cha pamba, mkulima asiporidhika na mizani alikuwa na haki ya kusema pima tena. Nilimwona mwenyewe mzee mmoja akikaa juu ya gunia lake mpaka karani akapima tena. Kwa hiyo nikavaa koti, nikapanda lori, nikaenda chuoni kwenye ile hospitali ya misheni, nikauliza ofisi ya wenye mtihani.

Nilidhani nitampata mzungu. Nilimpata Bi. Marselina, mwalimu wa pale, mwanamke mfupi mwenye miwani, mtu wa Bukoba kwa matamshi yake. Mezani palikuwa na marundo ya karatasi. Nikazungusha macho chumba kizima nikitafuta mizani, sikuiona, nikadhani imefungiwa kabatini.

"Karibu, Mwalimu. Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kwa ajili ya Kabula binti Masanja," nikasema. "Kurasa kumi na moja. Naomba ipimwe tena. Sisemi mtu ameiba, ila mizani huharibika."

"Mizani gani?"

Nikamweleza. Nilieleza yote, habari za Pius na Dar es Salaam na bahasha nene kama mito na mshale na namba, na kwamba mtoto alikandamiza, mimi ni shahidi. Hakucheka. Alivua miwani akaiweka juu ya karatasi.

"Huyo tarishi wenu aliona posta," akasema. "Posta wanapima bahasha ili wajue stempu. Karatasi zenyewe zinasomwa, Mwalimu. Ya Kabula niliisoma mimi. Niliisoma mara mbili, natafuta barua. Swali la kwanza lilikuwa barua, aeleze nyumbani kwao na kwa nini anataka kuuguza watu. Hakuiandika."